Jioni Mnakaa Wapi? Mapumziko ya Watu wa Bonde la Rufiji na Afya Zao

Dodoso la Shirika la Afya Duniani linalotumika kupima mwendo wa mwili huugawa mwendo huo katika mafungu matatu: wa kazini, wa safarini na wa wakati wa mapumziko. Kwa karani wa Dar es Salaam anayefunga ofisi saa kumi jioni, mgawanyo huo hauna utata. Kwa mkulima wa Ngorongo, kata iliyo kando ya Mto Rufiji, mipaka yake ni vigumu kuiona. Mama anayesuka mkeka jioni huku akizungumza na jirani zake, yuko kazini au amepumzika? Ukimwuliza, huenda akajibu kuwa amepumzika. Lakini mkeka huo utauzwa.

Sisi matabibu tumezoea kuuliza iwapo mgonjwa hupumzika na kwa muda gani. Naona tungejifunza mengi zaidi kwa kuuliza hupumzikia wapi, na saa ngapi, kwa kuwa majibu hayo hutofautiana mno kati ya eneo na eneo, na maradhi nayo hufuata tofauti hizo.

Tuanze na makazi. Zamani wakazi wengi wa Rufiji waliishi bondeni, karibu na mashamba yao. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko katika mpango uliojulikana kama Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda juu, udongo wenye rutuba ukabaki chini. Ndiyo sababu hadi leo zipo familia ambazo mwaka wao umegawanyika: miezi mingine kijijini, mingine shambani katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu, nyani na viboko. Kijijini burudani ni baraza, bao, karata, kahawa na kibanda cha kuonyeshea mpira. Shambani ni moto, hadithi na redio. Kote huko, watu huwa nje au katika banda lililo wazi, na giza limekwisha kuingia.

Mbu nao wana saa zao. Aina iitwayo Anopheles funestus hupenda kuuma ndani ya nyumba, usiku ukiwa umekwenda sana. Huyo chandarua chenye dawa humkabili vizuri. Anopheles arabiensis huweza kuuma nje, na mapema, watu wakiwa bado hawajapanda kitandani. Basi mzee anayeugua malaria huku akiapa kwamba hulala ndani ya chandarua kila siku, yawezekana kabisa anasema kweli. Kumshuku ni kumvunjia heshima na kuyapoteza mazungumzo. Swali la kufuata ni hili: "Mzee, kabla ya kulala mnakaa wapi, na hadi saa ngapi?" Familia za madunguni ziongezewe jingine: chandarua kilichopo nyumbani, huko shambani kina mwenzake?

Linganisha na miteremko ya juu ya Kilimanjaro. Baridi ya jioni huwarudisha watu ndani mapema, na mbu wa malaria ni haba kwenye miinuko hiyo. Huko mapumziko yana mbege, na tabibu ana haki ya kuuliza kwanza juu ya kiasi cha pombe na shinikizo la damu. Pwani, penye waumini wengi wa Kiislamu, kikombe cha barazani aghalabu ni cha kahawa. (Kahawa yenyewe ni chungu na haina sukari, mwenye kisukari aiangalie kashata inayoisindikiza.)

Tofauti nyingine iko majini. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, takriban kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na hizo ndizo saa ambazo watoto hufurahia kuogelea. Kando ya Ziwa Victoria kichocho kilichoenea ni cha matumbo, na muuguzi huuliza juu ya damu katika choo. Pwani na Rufiji ni kile cha mkojo. Mvulana anayekojoa damu asiambiwe kuwa amebalehe, na mwanamke mwenye vidonda au kutokwa damu ukeni asihesabiwe moja kwa moja kuwa ana ugonjwa wa zinaa, kwani kichocho hushambulia hata via vya uzazi. Mzazi wa Rufiji huwakataza wanawe kuogelea mtoni kwa hofu ya mamba, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini mtoto aliyefukuzwa mtoni huweza kuhamia kwenye dimbwi lililoachwa na mafuriko, penye maji yaliyotulia ambayo konokono huyapenda. Dawa ya prazikwanteli humtibu. Haimkingi asiambukizwe tena wiki ijayo.

Kuhusu mazoezi nitasema machache. Mtu mzima hushauriwa apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mkulima anayelima kwa jembe la mkono huzipita kabla ya Jumatano, na kumhimiza akimbie alfajiri ni sawa na kumdhihaki. Ushauri huo apewe mzee aliyeacha shamba na sasa hukaa kwenye bao tangu asubuhi, na kijana wa bodaboda ambaye safari na kazi yake yote ni ya kuketi.

Kwa wanaokaa nje jioni, nguo ndefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu husaidia, hasa usiku wa ngoma ambapo watu hukesha. Mjamzito anapokabidhiwa chandarua kliniki, muuguzi amwulize kama mwezi ujao atakuwa kijijini au dunguni. Akijibu dunguni, waelewane papo hapo jinsi kitakavyobebwa na mahali kitakapofungwa kati ya zile nguzo.