Program ya Sayansi, Daftari na Egzeta: Je, Vinakwenda Njia Moja?



Wadogo wetu wa mwaka wa 2 waliniuliza hivi: "Kapita, mbona katika program kumeandikwa mambo ambayo hatuyaone darasani? Na juu ya Egzeta tusome nini, program ao daftari?" Swali ni zuri. Nimeona vema nilijibu hapa kwa wote, kwa sababu mimi mwenyewe jibu lake nililipata kwa hasara.

1. VITU VITATU TUNAVYOVICHANGANYA

Kuna program. Hiyo inatoka kwa Wizara huko Kinshasa, na ni kipimo kimoja kwa inchi nzima: inasema mwanafunzi wa kila mwaka anapashwa kujua nini na kuweza kufanya nini. Kuna daftari, maana yake yale mwalimu aliyoweza kutufundisha kwa saa alizokuwa nazo. Halafu kuna Egzeta, mtihani wa Serikali, ambao unapima. Vitatu hivi vingepashwa kufanana. Vikiachana, hasara inamwangukia mwanafunzi.

2. HABARI YA AMPULE

Baba mdogo ni mvuvi wa ndagala. Usiku wa giza wanaingia ziwani na taa, kwani ndagala hufuata mwangaza. Siku moja alileta batri 2 za volti 12 na ampule 4 za motokari, akaniambia: "Wewe uko unasoma sayansi. Utufungie hizi kusudi taa zidumu mpaka asubuhi."

Nilifurahi sana. Katika enterogasyo ya umeme nilikuwa nimepata 17 ku 20. Nikaunga batri moja nyuma ya ingine, plasi kwa minusi, sawa mchoro wa ubaoni. Kuwasha tu, ampule zikawaka nyeupe kama jua, kisha moja moja zote zikakufa. Usiku ule mutumbwi haukutoka. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, ile 17 ilikuwa ya nini?"

Kosa ni hili. Batri 2 zikiungwa kwa seri, volti zinajumlishwa: 12 na 12 ni 24. Zikiungwa kwa paraleli, plasi kwa plasi na minusi kwa minusi, volti zinabaki 12, lakini umeme unadumu karibu mara 2. Tena nguvu ya ampule ni volti mara volti, kugawanya kwa resistansi. Ukizidisha volti mara 2, nguvu inapanda mara 4. Ampule ya wati 21 nilikuwa naisukumia karibu wati 84! Formula hizo zote nilizijua kwa kichwa. Lakini batri sikuwa nimeishika hata siku moja katika somo.

3. PROGRAM INATAKA NINI?

Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilipanga upya shule za inchi yetu. Ndiyo sababu leo tunasema mwaka wa 7 na wa 8, kisha miaka 4 ya humanite, hata kama wazazi wangali wanasema "sizyemu". Kuanzia 2018, kwa msaada wa Benki ya Dunia, program mpya za sayansi ziliingia mwaka wa 7 na wa 8, kiisha zikapanda mpaka humanite ya sayansi. Ziko na matawi 3: matematika, sayansi ya uhai na ya dunia, na fizika, kemia, teknolojia pamoja na kompyuta.

Jambo jipya ni kwamba somo linaanza kwa hali ya maisha, si kwa ufafanuzi wa kunakili. Tufanye mfano wa kwetu. Watu wa ng'ambo ya ziwa wanakunywa maji bila kuyachemsha, na kolera inarudi mara kwa mara katika muji wetu wa Uvira. Ni hali ya kweli. Mwanafunzi anapashwa kujua kwamba kolera inaletwa na bakteria inayopita katika maji na chakula kichafu. Anapashwa pia kuweza kueleza kwa nini moto ao klore inaiua, na kuonyesha jirani namna ya kutayarisha maji. Aliyeandika tu jina la bakteria bado kufika ku kipimo.

4. EGZETA INAPIMA NINI?

Egzeta iko tangu 1967. Inafanyika kwa siku 4: maarifa ya jumla, sayansi, masomo ya opsyo, na luga. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Karatasi ya namna hiyo inaona kama unajua kuhesabu. Haiwezi kuona kama mkono wako unajua kuunga waya. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia maitem ya miaka iliyopita. Maitem ni mazuri kwa mazoezi, lakini fungu la program ulilolikosa linaweza kukutokea siku ya mtihani. Tusilaumu walimu bure: shule nyingi za upande huu hazina laboratwari, na saa hazitoshi.

5. TUFANYE NINI?

(a) Omba program kwa mwalimu, nakili vichwa vya mwaka wako. Tia alama moja kwa ulichosoma, mbili kwa unachoweza kumweleza mwenzako, tatu kwa ulichokwisha kufanya kwa mikono.

(b) Fanya majaribio yasiyo na bei. Tone la iyodi ya duka la dawa juu ya muhogo linageuka buluu karibu na nyeusi: hapo pana wanga. Chemsha maua mekundu ya hibiski: maji yake yatakuwa mekundu kwa ndimu, na ya kijani kwa maji ya majivu. Asidi na bezi umeziona bila laboratwari.

(c) Hapa Uvira tuko na CRH, kituo kinachochunguza ziwa Tanganyika. Tumwombe Prefe atupatie ruhusa tukaulize maswali huko.

Mtume Yakobo anatuonya tusiwe watu wa kusikia tu pasipo kutenda. Naona katika sayansi ni vilevile.

Ampule nilizilipa kwa kubeba mchanga ku mto Mulongwe wakati wa likizo. Mara ya pili nilifunga kwa paraleli, na taa ziliwaka mpaka jogoo. Baba mdogo hakuuliza tena juu ya ile 17.

Mungu awabariki.

Kapita wa shule, mwaka wa 4 Sayansi