Je, Wajua? Tundu Kwenye Utumbo Halingoji Kesho

Je, wajua kwamba utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi, na ukuta wake una unene wa milimita chache tu? Humo ndimo daktari hupitisha mpira mrefu wenye kamera, kipimo kiitwacho kolonoskopi, akitafuta saratani, vidonda na vinyama vinavyoota ukutani, ambavyo vingine huja kuwa saratani. Mwaka 1969, mjini New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuvikata vinyama hivyo kwa kitanzi cha waya chenye umeme, bila kupasua tumbo. Watu wengi wameepushwa na saratani kwa njia hiyo.

Je, wajua kwamba mpira huo huo, mara chache, hutoboa utumbo? Kwa kipimo cha kutazama tu, ni chini ya mtu mmoja katika kila elfu. Hatari hupanda kinyama kikubwa kinapokatwa.

Mara nyingi tundu hutokea chini upande wa kushoto, pale utumbo unapojipinda kwa umbo la S. Na si lazima ncha ndiyo itoboe: mpira ukijikunja ndani, ubavu wake husukuma ukuta mpaka upasuke. Upande wa kulia, ambako utumbo mpana unaanzia, ukuta ni mwembamba zaidi na hatari kubwa ni hewa inayopulizwa ili njia ifunguke. Ndiyo sababu vituo vingi vimeacha hewa ya kawaida na kutumia kabonidayoksaidi, ambayo mwili huinyonya upesi.

Na je, wajua kwamba utumbo unaweza kulipuka? Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa waliandika kuhusu mgonjwa aliyefariki hivyo. Alikuwa amesafishwa tumbo kwa manitoli, aina ya sukari ambayo vijidudu vya utumboni huigeuza kuwa gesi inayoshika moto. Cheche ya kitanzi ikatosha.

Daktari akiliona tundu papo hapo, hulifunga kabla ya kuutoa mpira. Tundu dogo, lisilofika sentimita moja, hubanwa kwa vibanio vidogo vya chuma vinavyopitishwa ndani ya mpira wenyewe. Kubwa zaidi huhitaji kibanio kipana kinachovikwa kwenye ncha. Tumbo likijaa hewa hadi mgonjwa anashindwa kupumua, sindano ya kutoa hewa hiyo hutangulia mambo yote. Kisha mgonjwa hali wala hanywi, anatundikiwa serumu, anachomwa antibiotiki kupitia mshipa, na kukaguliwa kila baada ya saa chache. Wengine hupona bila kisu, kwa kuwa utumbo ulikuwa umesafishwa na kinyesi hakikumwagika. Lakini tumbo likianza kukaza, homa ikipanda na mapigo ya moyo yakaenda mbio, daktari wa upasuaji asingojeshwe.

Sasa hili liwafikie wanaotoka Sange, katika bonde letu la Ruzizi nchini Kongo, kwenda kupimwa Bukavu, Bujumbura au mbali zaidi, kisha wakapanda gari kurudi Ruzizi siku ileile: tundu linaweza kuchelewa. Pale kinyama kilipochomwa kwa umeme, ukuta uliodhoofika unaweza kuachia siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa kwake anakula ugali na samaki. Wakati mwingine ukuta huungua tu bila kutoboka, na maumivu na homa huwa vilevile. Nyumbani hakuna awezaye kutofautisha hayo mawili. Karatasi ya kipimo itunzwe, na aliyekatwa kinyama aulize kabla ya kuondoka: nikiumwa usiku, niende wapi?

Je, wajua kwamba katika bonde letu mtoboaji mkubwa zaidi hana kamera? Ni tifoide, homa ya matumbo, inayoingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Vijidudu vyake hukaa kwenye vitezi vilivyo mwishoni mwa utumbo mwembamba, vitezi huvimba na kuoza, na kwenye wiki ya tatu ya homa, wakati mwingine mapema, ukuta hutoboka. Hapa hakuna usafi wa kabla ya kipimo: kinyesi na vijidudu humwagika tumboni moja kwa moja. Vibanio havina kazi. Dawa ni upasuaji.

Si jambo la kusimuliwa tu. Ng'ambo ya mpaka wetu na Uganda, wilayani Kasese, mlipuko uliochunguzwa kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi Julai 2009 ulikuwa na wagonjwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo na 47 walifariki. Kinshasa, kuanzia mwishoni mwa Septemba 2004 hadi mapema Januari 2005, ziliripotiwa kesi 42,564 za tifoide, vifo 214, na wagonjwa 696 waliotoboka au kupata uambukizo wa tumbo zima.

Je, wajua dalili ya tundu hata bila mashine? Mgonjwa hajirushirushi kama mwenye msokoto wa tumbo. Analala kimya, magoti ameyakunja, anapumua juujuu, hataki kuguswa. Mpandishe pikipiki kuelekea Uvira: kila shimo la barabara linamchoma tumboni. Mwambie akohoe, atashika tumbo kwanza. Wengine huumwa bega, kwa sababu mshipa wa fahamu wa kiwambo cha kupumulia unatokea shingoni kama ule wa bega.

Picha ya kawaida ya eksirei ya kifua, mgonjwa akiwa amesimama au kuketi wima, inaweza kuonyesha mwezi mwembamba mweusi chini ya kiwambo hicho: ni hewa iliyotoroka utumboni. Asiyeweza kusimama hulazwa ubavu wa kushoto na kupigwa picha hivyo. Ila picha safi haimwondolei mtu shaka. Mkono wa daktari juu ya tumbo una neno la mwisho.

Baada ya kuoshwa tumbo na kushonwa, wengine huamka na utumbo umetolewa nje, kinyesi kikiingia kwenye mfuko. Familia nyingi hushtuka. Mara nyingi ni kwa muda, na hurudishwa ndani mgonjwa akishapata nguvu. Msimfiche mtu huyo, wala msimkimbie.

Je, wajua kuna mkono mwingine unaotoboa? Ni ule unaomwingiza mtoto dawa za mizizi kwa nyuma kwa mpira wa kubonyeza. Ncha inaweza kupasua njia ya haja kubwa, na dawa kali huunguza. Mwenye tumbo lililokaza akifanyiwa hivyo, uchafu husukumwa zaidi kupitia tundu.

Ewe msomaji wa Sange, Luberizi au Kiliba: mtu aliyekuwa na homa kwa wiki mbili, au aliyepimwa utumbo juzi, akikaza tumbo ghafla, msimpe uji, msimpe mizizi, msimpe vidonge vya maumivu mkangoja asubuhi. Mpelekeni usiku huohuo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, na neno la kwanza mlangoni liwe siku homa ilipoanza au siku kipimo kilipofanyika.