Mji wa Wageni wa Mwaka Mzima

Ndugu wanavikundi, mara nyingi tunawasikia mkisema wageni huja msimu mmoja tu, halafu pesa zinakauka. Basi tuangalie Garmisch-Partenkirchen, kusini mwa Ujerumani, chini ya mlima Zugspitze wenye urefu wa mita 2,962. Ilikuwa miji midogo miwili, ikaunganishwa mwaka 1935 ili kupokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936.

Wakati wa baridi watu huenda kuteleza kwenye theluji. Theluji ikianza kuyeyuka wageni hupungua, na hata njia ya korongo la mto Partnach hufungwa kwa muda, maana mawe huporomoka. Kiangazi kikifika, ni kupanda milima. Septemba wafugaji huteremsha mifugo kutoka malishoni, na hata hiyo ni sherehe ya kutazamwa!

Lakini kilichotugusa zaidi ni ada. Mgeni hulipa kila usiku ada ndogo ya mji, mbali na pesa ya kitanda. Mwenye nyumba huipokea tu na kuipeleka. Kazi yake ni kutunza huduma za wageni. Siku hizi theluji imepungua, nyingine inatengenezwa kwa mashine, na hiyo ni gharama.

Je, kwenu, njia anayopita mgeni hutengenezwa na nani?