Biri ya Kwanza: Mwili Usemapo Kweli

Harusi ilikuwa imefikia kwenye utoaji wa zawadi. Chini ya turubai wazee walikuwa wakinywa rubisi na kutafuna buni kavu za kahawa, ambazo katika nchi ya Karagwe ni karibu ya kwanza anayopewa mgeni. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, vijana watano walikuwa wamemzunguka mjomba wa bwana harusi, aliyekuja likizo Nyakasimbi kutoka Ghuba anakofanya kazi. Mkononi alikuwa na kijisanduku cha mbao. Alipokifungua, ilitoka harufu nzito, kama ya ngozi mpya na majani makavu.

"Hizi ni za Kuba," alisema. "Huko wenye fedha zao huzitafuta wasizipate. Leo mtavuta kiume."

Mmoja wa vijana hao, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 24, hakuwa amewahi kuvuta hata sigara ya kawaida. Tangu alfajiri alikuwa akihangaika na viti na kuni, na tumboni hamkuwa na kitu isipokuwa soda. Kukataa zawadi ya mkubwa mbele ya wenzake aliona ni utovu wa adabu. Akaipokea kwa mikono miwili, akawashiwa, akavuta moshi na kuushusha hadi kifuani kama alivyoona watu wakifanya na sigara. Akakohoa. Wenzake wakacheka. Akavuta tena.

Hazikupita dakika 20 mate yakaanza kumjaa mdomoni. Jasho la baridi likamtoka, midomo ikapauka, mikono ikatetemeka, na mgomba aliouegemea akauona ukizunguka. Akatapika mara tatu, kisha akashindwa kusimama. Watu walipokimbilia pale, neno la kwanza lililosikika lilikuwa "sumu". Mmoja akaleta maziwa, mwingine akataka apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Shangazi yake akauliza kwa sauti ni nani aliyempa mtoto wake kinywaji, na macho yote yakamgeukia binti aliyekuwa akigawa soda.

Kisa hiki ni cha mfano. Wahusika wake hawapo. Lakini kila kilichomo hutokea, na kinastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la mhudumu wa afya: mtu huyu ameumwa na nini? La pili linamhusu kila msomaji: kama mwili hukataa tumbaku kwa nguvu kiasi hicho siku ya kwanza, kwa nini huja kuinyamazia?

Tumbaku si ngeni Karagwe

Biri ni sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Uvutaji wa namna hiyo ulionwa na Wazungu mara ya kwanza mwaka 1492, mabaharia wa Christopher Columbus walipofika visiwa vya Karibi na kuwakuta wenyeji wakivuta majani yaliyosokotwa. Baadaye tumbaku ilisambaa duniani kote, na Afrika Mashariki haikusalia nyuma. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika ikulu ya Rumanyika, mtawala wa Karagwe, mwaka 1861, alimkuta ameketi pamoja na ndugu yake, na kando yao kumelazwa viko vikubwa vya udongo mweusi. Kwa hiyo mtu wa Karagwe hakungoja sigara ya dukani ili aijue tumbaku.

Kilicho kigeni ni heshima inayoambatana na biri ya Kuba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1962, kabla Rais John F. Kennedy hajatia saini amri ya kuzuia biashara na Kuba, alimtuma msaidizi wake Pierre Salinger amnunulie kwanza biri zaidi ya 1,000. Chapa ya Cohiba, iliyoanzishwa mwaka 1966, kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa ajili ya viongozi wa Kuba na wageni wao, na ikaanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 1982. Kitu kilichotafutwa hivyo hupata jina kubwa. Mwili wa binadamu, hata hivyo, hausomi jina wala bei. Unapokea nikotini.

Kilichotokea mwilini

Nikotini ni kemikali ya asili iliyomo katika jani la tumbaku. Jina lake linatokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa nchini Ureno, aliyepeleka tumbaku katika jumba la mfalme wake mwaka 1560. Mtu anapovuta moshi hadi mapafuni, nikotini huufikia ubongo katika muda wa sekunde 10 hadi 20.

Biri hutofautiana na sigara kwa mambo mawili. La kwanza ni kiasi. Sigara ya kawaida ina tumbaku isiyofika gramu 1. Biri kubwa inaweza kuwa na kati ya gramu 5 na 17. Biri moja nene inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. La pili ni aina ya moshi. Majani ya biri hukaushwa kwa hewa, kisha huvundikwa kwa muda mrefu, na moshi wake huwa na hali ya magadi kuliko moshi wa sigara. Nikotini iliyomo katika moshi wa namna hiyo hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo. Kwa sababu hiyo wazoefu wa biri wengi hawaumezi moshi, na bado hupata nikotini ya kuwatosha. Mwalimu wetu aliupokea kwa njia zote mbili, mdomo na mapafu, akiwa na njaa na akiwa na mwili usiozoea.

Nikotini hujishikiza kwenye vipokezi vilevile ambavyo mishipa ya fahamu hutumia kupelekeana taarifa. Hapo mambo mengi huamka kwa pamoja. Tezi za mate hufunguka. Kituo cha kutapika kilicho chini ya ubongo husisimka. Homoni ya adrenalini humwagika, moyo ukaenda mbio, shinikizo la damu likapanda, na mishipa midogo ya ngozi ikajibana. Ndiyo maana midomo hupauka na jasho huwa la baridi. Kiasi kikizidi sana, picha hugeuka: mapigo ya moyo hushuka, shinikizo huanguka, misuli hulegea, na mtu anaweza kupata degedege au kushindwa kupumua. Kwa mvutaji mgeni wa rika la mwalimu huyu, hali kwa kawaida haifiki huko. Kutapika na kizunguzungu humfanya aache kuvuta, na nikotini hupungua kwa nusu katika damu kila baada ya saa 2 hivi.

Mlangoni mwa zahanati

Mhudumu anayempokea mgonjwa kama huyu hana budi kuwa mwangalifu. Mkoa wa Kagera ulipata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Hivyo mtu anayetapika hupokewa kwa glavu na tahadhari, hupimwa joto, na huulizwa kama amekuwa karibu na mgonjwa au msiba. Kipimo cha malaria na cha sukari ya damu havipaswi kusahauliwa, hasa kwa mtu aliyeshinda na njaa. Ulizeni pia kuhusu pombe haramu ya kunereka.

Mtego mkubwa zaidi ni viuatilifu. Hili ni eneo la kahawa na maharage, na dawa za kunyunyizia mimea zimo majumbani. Sumu ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huleta mate mengi, jasho, kutapika na misuli kutetemeka, karibu sawa na nikotini. Katika sumu hiyo mboni za macho mara nyingi husinyaa na kuwa kama ncha ya sindano, kifua hujaa majimaji, harufu ya dawa inaweza kusikika kwenye nguo au matapishi, na hali huendelea kuwa mbaya badala ya kutulia. Penye shaka, mgonjwa ahesabiwe kuwa amepata sumu, aanze kutibiwa na apewe rufaa mapema. Ni salama zaidi kukosea upande huo.

Kwa aliyezidiwa na nikotini, huduma ni ya kumtegemeza. Aondolewe kwenye moshi, alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, apimwe mapigo, shinikizo na upumuaji, apewe maji taratibu kutapika kukikoma, na aangaliwe kwa saa kadhaa. Asilazimishwe kutapika. Asinyweshwe maziwa akiwa amelegea, kwa maana yanaweza kuingia mapafuni. Degedege, mapigo yaliyoshuka au pumzi dhaifu ni dharura ya hospitali. Mtoto mdogo aliyetafuna kipande cha sigara au biri apelekwe kituoni bila kungoja dalili.

Katika kisa chetu, tabibu wa zamu alimaliza kupima, kisha akawatoa ndugu nje na kuuliza kwa upole: "Mwalimu, kabla ya kuanza kutapika, ulikula nini, ulikunywa nini, ulivuta nini?" Swali la tatu ndilo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza. Kijana akajibu kwa aibu. Mboni zake zilikuwa za kawaida, kifua kilikuwa safi, joto halikuwapo, na baada ya saa mbili alikuwa ameketi akinywa uji. Tabibu alipomwomba ruhusa ya kuwaeleza ndugu zake, binti aliyegawa soda alikuwa bado amesimama kando ya mlango, akilia. Swali moja lililoulizwa faraghani lilimwondolea tuhuma ambayo ingeweza kumfuata maisha yake yote kijijini.

Swali la mjomba

Mjomba alikuwa wa mwisho kuingia. "Daktari," alisema, "mimi navuta hizi miaka 15, na sijatapika hata siku moja. Si udhaifu wa kijana tu?"

Jibu la swali lake ndilo kiini cha makala hii. Yeye pia, kama walio wengi, huenda alichefuka siku ya kwanza, akasahau. Mtu akirudia tumbaku, vipokezi vya ubongo huzoea. Vile vilivyochoshwa huacha kuitika, na ubongo huongeza vingine. Kichefuchefu huondoka kwanza. Kinachobaki ni hitaji: bila nikotini mtu huwa na hasira, hakosi wasiwasi, usingizi humpaa. Kengele ya hatari imezimwa, ila moto haujazimika.

Na moto huo ni ule ule kwa kiko, sigara na biri. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Wavuta biri, hata wasiomeza moshi, hupata saratani ya mdomo, ya koo na ya umio zaidi ya wasiovuta. Wanaoumeza hujiongezea saratani ya mapafu na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wapo miongoni mwao wasiovuta kabisa, waliokaa tu karibu na moshi wa wengine.

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Lakini sheria haifiki nyuma ya nyumba ya harusi. Huko hufika malezi. Mkubwa ampaye mdogo biri humpa pia ruhusa ya kuizoea.

Kwa anayetaka kuacha, ni vema apange siku maalumu, awaambie watu wa nyumbani, aondoe tumbaku na viberiti mahali anapolala na kufanya kazi, na amwone mhudumu wa afya. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Hamu ya kuvuta huja kwa nguvu, ikakaa dakika chache, ikapita. Aliyeteleza aanze tena, kwani wengi huacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja.

Kwa kijana aliyetapika chini ya mgomba, ushauri ni mfupi zaidi. Wenzake watamwambia kwamba mara ya pili haitakuwa vibaya hivyo, na watakuwa wamesema kweli. Hiyo ndiyo sababu ya kutokuwapo mara ya pili.