Jumba la Sanaa si Makumbusho

Mara kwa mara tumeona wafasiri wakiliita jumba la sanaa «makumbusho». Istilahi hiyo hailitoshi. Makumbusho, kutokana na kukumbusha, huelekea mambo yaliyopita. Jumba la sanaa huonyesha pia kazi za wasanii walio hai. Jumba la mji wa Ballarat, Australia, lililoanzishwa mwaka 1884, ni mali ya umma, nalo hufanya yote mawili.

Twapendekeza basi: «jumba la sanaa» kwa mahali, «maonyesho» kwa kazi zilizopangwa zitazamwe, «shughuli za jamii» kwa masomo na warsha za wakazi. Mwananchi asomapo «makumbusho» mlangoni, hudhani humo mna vya kale tu, akapita njia, asijue kwamba mlango huo ni wake.