Konokono wa Tudor na swali ambalo mwalimu halijui jibu lake

Nilikuwa nimeshuka ukingoni mwa hori la Tudor, Mombasa, kufuata habari ya taka. Maji yalikuwa yamekupwa, na chupa za plastiki zilikuwa zimejipanga kwenye mizizi ya mikoko kama kawaida yake. Lakini kwenye shina moja la mchu kulikuwa na konokono mwenye nukta nyekundu mgongoni. Juu yake kidogo, mwingine. Upande wa pili wa shina, wawili zaidi, nukta zao za buluu.

Ilikuwa rangi ya kucha. Wasichana wawili na mvulana mmoja, wote wamevaa buti za mpira, walikuwa wamelizunguka shina hilo na futi ya fundi cherehani, wakibishana. Ubishi wao ndio ulionifanya niache habari ya taka.

Konokono huyu, ambaye wanasayansi humwita Cerithidea decollata, si mkubwa. Gamba lake ni la sentimita mbili hadi tatu hivi, rangi ya udongo, na ncha yake kwa kawaida imemeguka. Maji yakikupwa, hushuka matopeni kula. Kabla maji hayajarudi, hupanda mti na kujigandisha kwenye gome kwa ute wake, juu ya mahali maji yatakapofika. Hapo ndipo penye ajabu: huanza kupanda wakati maji bado yako mbali, hayajamgusa, na tope limekauka vilevile. Tena bamvua haliji sawa na maji mafu, kimo cha maji hubadilika siku hadi siku. Sasa konokono hujuaje leo apande hadi wapi?

Marco Vannini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, walilifuata swali hilo kwenye mikoko ya hori la Mida, karibu na Watamu, na mwaka 2008 wakachapisha makala iliyouliza waziwazi iwapo konokono huyu huona yajayo. Walizipima dhana moja baada ya nyingine: huenda ni alama iliyoachwa na maji kwenye gome, huenda ni macho, huenda ni saa iliyo ndani ya mwili, huenda mnyama hupima nguvu anayotumia kupanda. Mjadala haujafungwa hadi leo.

"Ndiyo maana nikamchagua," ananiambia mhadhiri wa wanafunzi hawa, mwanamke wa makamo aliyefunga leso kiunoni juu ya suruali. Ameomba jina lake lisitangulie kazi ya wanafunzi. "Nikiwapa swali ambalo jibu lake liko kitabuni, watalitafuta kitabuni. Hili wakiniuliza mimi, nawaambia sijui. Mwanzoni hawaamini. Wanadhani nawaficha."

Yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mazoezi ya maabara yaliyokuwa na jibu kabla ya swali. Unaambiwa upime hiki, uchanganye na kile, utapata kadhaa. "Usipopata, unakopi kwa jirani. Tulifuzu hivyo. Ni kama mtu anayepika pilau kwa kusomewa karatasi: wali ukiiva hajui umeivaje, ukiungua hajui kosa liko wapi."

Sasa turudi kwenye ubishi. Msichana mmoja alikuwa ameandika kwamba konokono mwenye nukta nyekundu yuko sentimita 61 juu ya tope. Mwenzake kaandika 58. Konokono ni yuleyule, futi ni ileile. Mmoja alipima hadi mdomo wa gamba, mwingine hadi kwenye ncha iliyomeguka. Wakaitana, wakakubaliana wote wapime hadi mdomoni, kwa kuwa huko ndiko uliko mguu wa mnyama. Wakapima tena. Bado hawakupatana.

Mvulana ndiye aliyegundua sababu. Kila mtu anaposimama kando ya shina, tope linadidimia chini ya buti, na futi inaanzia chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Sifuri yenyewe ilikuwa inazama.

"Mwalimu, sasa tufanye nini?" akauliza.

"Nyinyi mwaonaje?" akajibu mwalimu, akageuka kutazama maji.

Walikaa kimya kidogo. Kisha msichana wa kwanza akachomoa uzi kwenye begi, akaufunga kwenye shina kwa usawa wa goti, akasema kuanzia leo sifuri ni hapa, tope lizame litakavyo. Wakaandika daftarini tarehe, saa na sababu ya kubadilisha. Vipimo vya asubuhi yote wakavikata kwa mstari mmoja, bila kuvifuta, ili atakayesoma aone kilichotokea.

Mwalimu hakusema neno. Baadaye, tukipanda kurudi barabarani, ndipo aliponiambia: "Ule uzi ni mhula mzima wa somo langu. Ningewaambia mimi, wangeufunga na kuusahau."

Mahali pamechaguliwa kwa makusudi. Wasomi wa mikoko wa ndani na nje ya nchi wamezoea kwenda Gazi, kaunti ya Kwale, ambako msitu una afya na mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukijulikana tangu mwaka 2013. Tudor ni hadithi nyingine. Utafiti wa Jared Bosire na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa hori hili lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake kati ya mwaka 1992 na 2009, katika kipindi kilichojumuisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizoshusha udongo mwingi. Ng'ambo, Mikindani, ambako maji machafu ya mitaa hupita mikokoni, watafiti walikuta kaa wadogo wenye gando moja kubwa wameongezeka na konokono mkubwa wa matopeni, Terebralia palustris, ametoweka. Kwa mpita njia, tope lenye kaa wengi ni tope zima. Kumbe si lazima.

"Kwa hivyo mwanafunzi anayehesabu hapa hachezi," anasema mhadhiri. "Je, konokono wa Tudor hupanda kama wa Mida? Uchafu unamchanganya? Mimi sijui, na sijaona aliyeandika."

Kikwazo kikubwa, anavyosema, si buti wala harufu. Ni ratiba. Bamvua linapokuwa kamili, maji ya Mombasa hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mwendo wa saa nne. Kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mvuvi yeyote wa Mji wa Kale anayetia ngalawa chini ya Ngome ya Yesu analijua hilo bila kutazama karatasi. Ofisi inayogawa madarasa hailijui. Imempa Jumanne, saa mbili hadi saa tano, mhula mzima. Wiki moja kipindi kinaangukia maji yakikupwa, wiki inayofuata kinaangukia maji yamejaa tele. Safari za ziada hulipiwa na mfuko wake.

Huko Marekani, ripoti kubwa iliyotolewa mwaka 2011 na jumuiya yao ya kuendeleza sayansi ilihimiza kwamba utafiti wa kweli uwe sehemu ya masomo ya kawaida ya biolojia, usiachiwe wachache wanaochaguliwa na maprofesa. Hapa petu bahari iko hatua chache kutoka darasani, lakini mengi hayana mwenye kuyajibu. Darasa linalopima wanyama msituni linahitaji kibali cha utafiti kama mtafiti kamili, au ni somo tu? Mwanafunzi akijikata matopeni kwenye maji ya choo, nani anabeba gharama? Na daftari hizi, mhula ukiisha, zinakwenda wapi? Nilipomuuliza hili la mwisho, mhadhiri alinyanyua mabega. Za mwaka uliopita ziko nyumbani kwake, ndani ya boksi.

Liko pia swali la usiku. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na wanafunzi huona mara moja. Konokono anafanya nini kwenye bamvua la alfajiri? Mvulana wa buti aliomba ruhusa waje na kurunzi. Hajapewa.

Wakuu wa idara za sayansi katika vyuo vya Pwani wanaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, ratiba ya mhula ujao ipangwe jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini likiwa mezani. Pili, daftari za wanafunzi zitengewe kabati katika maktaba, zikiwa na tarehe na majina yao, ili darasa la mwaka kesho lianzie pale lilipoishia la mwaka huu.