Jiko linalokula kuni kidogo: kazi ya Larry Winiarski



Katika ziara zetu tumeona kwamba ugomvi kati ya wahamishwaji na wenyeji mara nyingi huanzia kwenye kuni. Mama anaokota matawi katika shamba la mtu, mwenye shamba anamkamata, na kabla ya jioni wanaume wa pande mbili wameshikana. Mwingine anakwenda mbali, mpaka ndani ya Hifadhi ya Virunga, na huko anaweza kukutana na watu wenye silaha.

Larry Winiarski, mbunifu wa majiko kutoka Oregon, Marekani, alijitolea miaka mingi kwa jambo hilo moja: moto wa jikoni. Alifanya kazi na kituo cha Aprovecho. Kituo hicho kilikuwa kimeeneza jiko la udongo na mchanga, Lorena, huko Guatemala baada ya tetemeko la 1976. Lilipopimwa baadaye, halikupunguza kuni kuliko mafiga matatu. Udongo mnene hunywa joto kabla sufuria haijalipata. (Sisi pia tuliwahi kujenga majiko ya namna hiyo, tukajisifu. Wamama wakarudia mafiga, nasi hatukuwa tumewauliza lolote.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Winiarski alitoa kanuni za jiko la roketi, nazo zikafundishwa bure. Chumba cha moto kina umbo la kiwiko: mlango chini, kisha njia fupi ya kupanda juu. Kuni hulala juu ya kibao cha chuma na hewa hupita chini yake. Ncha tu ndizo zinawaka, unazisukuma kidogo kidogo. Moshi hupita katika moto mkali, na sehemu kubwa huungua kabla ya kutoka.

Kuzunguka chumba hicho huwekwa kitu chepesi chenye hewa ndani, kama majivu makavu au jiwe la volkano lenye matundu. Hapo sisi wa Goma tuangalie sana. Lava nyeusi, nzito, tunayojengea kuta, haifai. Itakula joto kama ule udongo. Jiwe linalofaa ni lile jepesi linaloelea majini.

Huko Honduras, baada ya tufani Mitch ya 1998, jiko la kanuni hizo lilirekebishwa pamoja na wapishi wenyewe, likapewa jina la mama mmoja wao, Justa. Wao walihitaji bamba la chuma la kuchomea mikate ya mahindi. Kwetu kuna bugali: jiko likitikisika wakati wa kusonga, mama atalitupa nje hata kama linaokoa kuni.

Kwa hiyo mradi wowote ukiwaletea majiko, viongozi, msipokee kwanza. Pimeni mafungu mawili ya kuni yenye uzito sawa. Mama mhamishwaji na mama mwenyeji wapike maharagwe kiasi kilekile, mmoja kwenye mafiga, mwingine kwenye jiko, kisha wabadilishane. Kuni zilizobaki zipimwe mbele yao wote wawili.